Mkanda Usio na Fundo

Asubuhi ile kamera yangu ilisoma mia moja na kumi na nne, na mimi Somoe Likapa, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye magoti mabovu, nikajiona malkia wa Nakiwanga nzima.

Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya ubao wa kutelezea, tope limenifika kidevuni, maji yamekupwa mpaka kule mikoko inakoishia. Mbele yangu, hatua tano tu, alisimama ndege mmoja wa pwani, sululu, amekunja mguu, mdomo wake mrefu uliopinda umeelekea chini. Pembeni mwa kioo cha kuangalizia namba ndogo ya kijani ilikuwa ikishuka taratibu: mapigo mia na ishirini kwa dakika, mia na kumi na saba, mia na kumi na nne. Kope ya lenzi ilikuwa wazi kabisa. Nikabonyeza. Mlio wa muhuri, ishara kwamba picha imekubaliwa, ukasikika sikioni mwangu.

Kwenye kamera zetu picha haipo mpaka mnyama aridhie. Mwale usioonekana hutoka kwenye lenzi, ukasoma namna manyoya ya kifua yanavyotikisika, ukahesabu moyo. Moyo ukipanda kwa hofu, kope hufumba, na hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu hupati kitu ila giza. Sheria hiyo ilitungwa baada ya Miaka ya Fujo, watu walipokuwa wakirusha vyombo juu ya viota na kukimbiza heroe ziwani ili tu wapate picha ya mbawa zilizofunguka. Nilikuwa msichana wakati ule, na nakumbuka fukwe zilivyobaki tupu. Kwa hiyo mimi kope siisemi vibaya. Imenilisha, imenivika, imenipa jina.

Na jina ninalo, sitajifanya mnyenyekevu. Sululu aliyetulia husoma mia na tisini. Mpiga picha mzuri, aliyeoga bila sabuni na kujipaka tope tangu alfajiri, hupata mia na themanini. Mia moja na kumi na nne hakuna aliyewahi kuipata, si kwetu, si ng'ambo.

Zaidi ya hapo, mkanda wangu hauna fundo. Kila mpiga picha wa Nakiwanga siku ya kiapo hupewa mkanda mweupe wa pamba wa kuning'iniza kamera. Ukirusha ndege, hata awe kitwitwi mmoja mdogo, unarudi ufukweni na kufunga fundo mbele za watu. Mwenyekiti wetu, Kitwana Mbonde, ana mafundo kumi na tisa, na mimi humwambia mkanda wake unatosha kupandia mnazi. Wangu una miaka thelathini na mmoja na umenyooka kama siku uliyofumwa. Siku ya sherehe hutangulia mbele ya msafara, umetandikwa juu ya mto wa hariri, nami nyuma yake nikijifanya sioni watu wanavyoninong'ona.

Sasa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikungoja hata kusifiwa, nilijisifu mwenyewe. Nikasema moyoni, Somoe, hebu tuone ufundi wako unafika wapi. Nikasukuma ubao kwa ncha ya vidole vya miguu. Hatua nne. Hatua mbili. Sululu hakugeuza shingo. Nikafika karibu hata nikaona tope lililokauka juu ya pua zake, na namba bado mia na kumi na nne. Hapo kiburi kikanishika kweli. Nikanyoosha mkono na kumgusa kifua kwa kidole cha shahada.

Namba ikapanda mpaka mia na kumi na tano, halafu ikarudi.

Kidole changu kilikuwa juu ya mfupa. Pale panapotakiwa kuwa na nyama ya kurukia, iliyojaa pande zote mbili, palikuwa na ukingo mkali wa mfupa na ngozi juu yake. Sululu alinitazama kwa jicho moja, akalifumba, akalifumbua.

Niliurudisha mkono wangu, na aibu niliyoisikia sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe. Sululu mwingine alikuwa akidunga tope kwa mdomo, anachomoa, anadunga tena. Nilimhesabia mara arobaini. Hakutoa hata mnyoo. Nikachimba mwenyewe kwa kiganja mpaka kwenye kiwiko. Tope lile nililikulia. Ukichimba linakutekenya, vikaa vinakimbilia vidoleni. Safari hii lilikuwa limenyamaza. Nikalionja kwa ncha ya ulimi. Lilikuwa na chumvi kali iliyopitiliza ya bahari, chumvi chungu, ya kile kinachomwagwa na bomba la kiwanda cha kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, mdomoni mwa hori yetu, mkono huu wa bahari, tangu mwaka juzi.

*

Jumba la Chama chetu cha wapiga picha lilikuwa linanukia pilau. Ilikuwa imebaki siku mbili kufika Siku ya Muhuri, siku Mamlaka ya Fukwe ingetupa hati ya utulivu ya miaka kumi, na Kitwana alikuwa juu ya ngazi akitundika picha zangu ukutani. Picha mia mbili, zote zina muhuri, zote za miaka hii miwili. Ndizo zilizokuwa ushahidi wa kwamba ufuko wetu hauna bughudha.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema mkaguzi. Huyu ni Esha Nampoto, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana kofia ya Mamlaka na kishikwambi kikubwa mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Mwenyekiti ameniachia nafasi ya kukataa basi? Nimekula mpaka nahema."

"Haya, Bi Somoe," Kitwana akaguruma kutoka juu. "Leo umewabembeleza kwa namba gani?"

"Mia na kumi na nne."

Ngazi ikayumba. "Mia na kumi na nne! Esha, andika! Andika kwa wino mwekundu! Hao wa ng'ambo wataita maji mma!"

"Usiandike," nikasema. "Nimemshika."

"Umemshika nani?"

"Sululu. Nimemgusa kifua kwa kidole hiki. Hakushtuka, Kitwana. Mfupa umemtoka mpaka unakata. Wale ndege hawakutulia, wana njaa. Hawana nguvu hata za kuniogopa."

Kitwana alishuka polepole, hatua moja moja. "Dada yangu, wewe ni fundi. Ndege wanakujua. Miaka thelathini na mmoja!"

"Hata mimi nilidhani hivyo mpaka saa tatu asubuhi ya leo."

Esha alifungua kishikwambi, akakigeuzia upande wangu. Kulikuwa na mchoro wa mstari mmoja ukiteremka. "Hizi ni namba zako, Mwalimu. Mjini tumezibandika ukutani. Tunauita Ngazi ya Bi Somoe. Wanafunzi wanaletwa kuutazama."

"Umeanza kuteremka lini?"

Alitazama tarehe. "Mwezi uleule bomba lilipofunguliwa."

Niliketi kwenye mkeka. Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa ameharibu kazi. Kuambiwa kwamba kazi yako iliyosifiwa kuliko zote haikuwa yako, kwamba ni njaa iliyokuwa ikikushikia kamera, hilo linakaa pabaya.

"Nitaleta picha ya ule mfupa," nikasema.

"Itakuwa na namba gani?"

"Mia na kumi na nne."

"Na mezani kwetu husomwa namba, Mwalimu. Sheria inajua hofu na utulivu. Njaa hawakuiandika. Ukileta picha ya sululu anayekufa, itaingia kama picha bora ya mwaka."

Kitwana alicheka kwa hasira, kicheko kisicho na furaha. Esha akasogea, akakaa karibu nami mkekani, kofia ameivua.

"Iko njia moja. Kifungu cha Mruko. Ndege wakirushwa mbele ya mkaguzi, napima wameruka mtu akiwa umbali gani, na wamefika wapi. Sululu mzima hangoji umsogelee. Akikuona hatua mia mbili anaondoka, anapiga filimbi yake mara saba, anavuka hori. Kundi lisipofika hatua mia tatu, hati inasimama mpaka daktari wa ndege aje na bomba likaguliwe. Lakini kifungu kile kiliandikwa ili kumnasa mfukuza ndege. Anayerusha ananyang'anywa leseni mwaka mzima. Hakina msamaha. Na mimi ndiye nitakayesaini."

"Na ndege?"

"Aliye hoi, mruko mmoja unamla mafuta ya siku nyingi."

"Watakufa?"

"Wengine."

"Wangapi?"

"Sijui. Nisikudanganye."

"Na tusipowarusha?"

"Wiki mbili zijazo wanaondoka kwenda kaskazini, kama kila mwaka. Kwa mwili ule hawatavuka hata bahari ya kwanza. Na hati ni ya miaka kumi, na mpaka iishe hakuna atakayelikagua bomba."

Kitwana alikohoa. "Nitawarusha mimi," akasema. "Fundo la ishirini halitaonekana. Bi Somoe abaki na mkanda wake. Ule si wake peke yake, ni wetu sote."

Nilimpenda sana kwa neno lile, mzee yule wa majigambo. Ila nilitikisa kichwa. "Ukirusha wewe watasema Kitwana kajikwaa tena. Mimi ndiye niliyewaambia watu ndege hawa wametulia, kwa picha mia mbili. Anayetakiwa kuwaambia vingine ni mimi."

"Halafu ukiwaua?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Nikatoka nje.

Alasiri nzima niliosha mkanda. Niliuosha bombani, maji yakimwagika matamu na mengi, maji ya kiwanda kilekile. Nikiwa mdogo tulikuwa tukiteka kisimani maji ya magadi yaliyotugeuza meno rangi, na mama yangu alifanya harusi yangu kwa maji ya kununua kwa ndoo. Sikutaka maji yale yakatike, na hakuna aliyetaka. Nilitaka bomba la taka zake lirefushwe, lipite mwamba, liende kumwaga kwenye kina kirefu. Jambo la miezi michache kwa mtu aliyelazimishwa. Lakini nani atamlazimisha mwenye kiwanda, ilhali nimemwandikia mimi mwenyewe cheti kwamba viumbe wote wanastarehe?

Niliwaza habari ya kuua. Kiapo chetu ni kimoja tu: ndege asijue kwamba ulikuwapo. Nimekishika kiapo hicho nikiwa na homa, nikiwa na mimba, nikiwa na msiba. Sasa nilitakiwa nikivunje juu ya wale waliochoka zaidi, na pengine yule niliyemgusa ndiye angekuwa wa kwanza kuanguka. Kuwaacha wafe kimyakimya, mbali, juu ya bahari isiyo na shahidi, mikono yangu ingebaki safi. Nilikaa na wazo hilo mpaka nikalichukia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya niliyaficha mimi, kwa muhuri.

Mkanda ukakauka juani, mweupe pe. Niliutazama sana, maana nilijua siku iliyofuata hautakuwa hivyo tena.

*

Asubuhi, maji yalipokupwa, sikujipaka tope. Nilijifunga khanga nyekundu, nikajitanda nyingine ya njano, nikaning'iniza kamera kifuani ikiwa imewashwa, na kuingia ufukweni nimesimama wima. Katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuuona ufuko ule nikiwa nimesimama. Niliushangaa ulivyo mpana.

Esha alibaki kwenye ukingo wa mikoko na kipimo chake. Kitwana alikuwa kando yake, na nyuma yao nusu ya wanachama wa Chama, maana habari Nakiwanga haihitaji miguu.

Kundi lilikuwa la sululu arobaini na watatu. Hatua mia mbili, hakuna aliyeinua kichwa. Hatua mia. Nilikanyaga tope kwa kishindo makusudi, chubwi, chubwi, na miguu yangu iliyofundishwa kunyata ikawa inakataa. Hatua hamsini. Wawili watatu walianza kutembea, wakijikokota mbele yangu kama kuku wanaofukuzwa uani. Hatua ishirini. Nilisikia mtu ufukweni akisema, "Ee Mungu wangu." Walikuwa wameanza kuelewa.

Hatua tisa. Nikavua khanga ya njano, nikaipeperusha juu ya kichwa, nikapiga kelele.

"Rukeni! Rukeni, wanangu! Niogopeni!"

Kifuani kope ikafumba, tak. Namba ikapanda mia tatu, mia tatu na themanini, mia nne na sita. Wakaruka. Mbawa zao zilikuwa na sauti kavu, nzito, wakapita chini kabisa karibu wayaguse maji ya vidimbwini, na hakuna hata mmoja aliyepiga filimbi. Wa mbele walitua hatua sabini kutoka pale, wengine themanini, na aliyejitahidi kuliko wote, mia na kumi. Wakakaa hapohapo walipotua, vifua vimegusa tope.

Wawili hawakuruka kabisa. Wengine wawili waliruka, wakaanguka.

Niliwaendea mmoja mmoja. Niliwaokota wote wanne na kuwaweka kwenye khanga ya njano, na nilipofika ufukweni walikuwa bado wana joto, lakini pumzi hawakuwa nayo. Nililia mbele ya watu, bila kujificha uso. Sijui kama yule niliyemgusa alikuwamo. Wote walikuwa na mfupa uleule.

"Umbali wa kurushwa, hatua tisa," alisoma Esha kwa sauti. "Mruko mrefu kuliko yote, hatua mia na kumi. Filimbi, hakuna. Hati imesimamishwa." Kisha akanigeukia, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa wake. "Na leseni yako, Mwalimu. Naomba unisamehe."

"Hakuna cha kusamehe. Ungeniachia, ningekucharaza."

Nikamkabidhi. Halafu nikashika ncha ya mkanda ili nifunge fundo, na vidole vikakataa. Hebu fikiria, mwalimu wa walimu hajui fundo linavyofungwa. Nilizungusha mara mbili, likafunguka. Watu wakatazama chini kwa kunistahi.

Kitwana akapiga hatua mbele. "Lete hapa," akasema. "Kazi hii ina wenyewe." Akanionyesha kwa mkanda wake, pole pole, pitisha chini, zungusha, vuta, nami nikafuata. Nilipolikaza, alisimama wima, kifua mbele, na kuwaambia wale watu wote kwa ile sauti yake ya ngoma, "Mmeliona hilo fundo? Mimi ninayo kumi na tisa na yote kumi na tisa hayalifikii."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Nikamwambia anyamaze, nimebeba maiti. Lakini moyoni, katikati ya majonzi yale, kichwa changu kilikuwa kimeinuka kuliko siku yoyote niliyofuata mto wa hariri.

*

Bomba lilirefushwa. Haikuwa miezi michache kama nilivyodhani, ilikuwa mwaka na miezi miwili, na ilimbidi daktari wa ndege aje mara tatu, na Esha aligombana na watu wakubwa mpaka akahamishwa ofisi. Maji bombani hayakukatika hata siku moja. Sululu wa mwaka ule waliondoka wachache sana. Wengi walibakia horini wakilishwa na Chama vikaa tulivyovikusanya ng'ambo ya pili, watu wazima na elimu zao wakibeba ndoo za kaa. Mimi nilibeba nyingi kuliko Kitwana, na hilo liandikwe.

Zile picha mia mbili niliziteremsha mwenyewe. Mahali pake pana picha moja tu, ile ambayo kamera ilichukua yenyewe siku ile ya mruko, kope ikiwa imefumba: nyeusi yote, na chini kabisa namba mia nne na sita. Wageni huuliza ni picha ya nini. Kitwana huwaeleza, na kila akieleza hatua zangu zinaongezeka na tope linazidi kina. Namwachia.

Machi ya mwaka wa tatu nilirudi ufukweni na leseni yangu. Nilijipaka tope tangu alfajiri. Nililala juu ya ubao, nikateleza pole pole kwa ufundi wangu wote wa zamani, magoti yakinilaani. Esha alikuwa ameomba siku mbili za likizo, amekaa chini ya mikoko ananitazama. Mbele yangu lilikuwapo kundi la sululu sitini na zaidi, wakidunga na kuchomoa, na kila wakichomoa kuna kitu kinachezacheza mdomoni.

Nilikuwa bado hatua mia mbili na thelathini. Mmoja akainua shingo. Nikaganda, sikupumua. Namba ikasoma mia na tisini, mia mbili na kumi, mia mbili na sitini. Nikambembeleza kimoyomoyo, ni mimi, Somoe, fundi wako. Akanitazama moja kwa moja kama mtu anayemtazama mwizi.

Kope ikafumba usoni mwangu, tak.

Kundi zima likanyanyuka kwa mara moja, juu, juu kabisa, mbawa zikakata jua, na filimbi zikaanza: mara saba, mara saba, mara saba, kila mmoja na yake, mpaka hori nzima ikawa inalia. Hawakutua hatua mia tatu wala mia nne. Walivuka mikoko, wakavuka mwamba, sikuwaona tena.

Nilisimama kwenye tope nikicheka peke yangu, machozi yakichora mistari usoni. Kutoka chini ya mikoko Esha alikuwa akipiga kelele, "Mwalimu! Umewarusha! Mwalimu, umewarusha!"

"Nimeona!" nikamjibu, na vidole vyangu vilikuwa vimeshaishika ncha ya mkanda. Chini, zungusha, vuta. Safari hii sikuhitaji kuonyeshwa.